Bega la Kushoto

"Mkono wako wa kushoto una nini?" nilimuuliza kijana kwenye ukumbi wa mazoezi ya dansi.

"Hauna kitu, mzee. Ndivyo unavyochezwa."

"Nani anaucheza hivyo?"

"Wewe."

Kijana huyo, Loïc, hakuwa ananitania. Alichukua simu yake, akanionyesha video ya miaka kumi na tisa iliyopita. Mimi na Odile, mke wangu wa wakati huo, jukwaani, hapa hapa Montreal. Anakimbia, anaruka kwangu, simdaki. Anaanguka chali. Nasimama juu yake kama gogo, mkono wa kushoto unaning'inia. Fundi wa taa, kwa woga, anazima taa zote.

Anguko lile ndilo lililompa Odile tuzo kubwa ya watunzi wa dansi za kisasa, na nyingine nne Ulaya. Mimi sikuwahi kuitazama video ile. Nilishaondoka: Yukon, Labrador, popote penye kazi ya kuwafungia wengine majukwaa. Juzi juzi akaniandikia, mara ya kwanza tangu tuachane: "Ghislain, nafufua dansi yetu. Njoo umfundishe kijana sehemu yako." Nikaja. Moyoni hamkuwa na kitu.

"Wamecheza wangapi kabla yako?"

"Sita. Wote tumejifunza kwenye video hii. Tunauita mkono wa dharau."

"Dharau?"

"Mkeo yuko chini, hata mkono humpi. Mzee, ulikuwa mkatili."

Odile alikuwa amekaa karibu na hita, anakunywa supu ya njegere. Nywele zote nyeupe sasa. Hakuinua kichwa.

"Mwambie kwa nini," alisema. "Asubuhi nilikwambia naenda Ubelgiji peke yangu. Jioni ukaniangusha makusudi."

Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Na mimi nilimsikia hivyo hivyo.

"Odile, bega lilikuwa limechomoka."

"Bega gani?"

"La kushoto. Nilipokubeba mara ya tatu, nikakuzungusha, likatoka. Uliporuka nilikuwa na mkono mmoja, na huo nao haukukufikia."

Loïc alirudisha video nyuma, akaisogeza karibu na pua.

"Kweli," alisema taratibu. "Linatoka hapa. Miaka yote hii tunacheza jeraha la mtu."

"Nenda ukale," Odile alimwambia.

"Nimeshakula."

"Kale tena."

Mlango ukafungwa. Odile akaweka kijiko chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesimamisha onyesho."

"Baada ya onyesho, Ghislain."

"Baada ya onyesho nilikwenda hospitali. Niliporudi, nguo zangu zilikuwa kwenye ngazi za nje, zimefunikwa na theluji. Nikasema basi, bega ameliona, na anguko limemfaa kuliko mimi."

"Sikuliona. Nilikuwa chini, natazama taa."

"Video je?"

"Nilikuwa najitazama mimi. Mchezaji anatazama nani?"

Hata mimi pale kwenye simu ya kijana nilikuwa nimejitazama mimi.

"Nimewafundisha watu dharau yako miaka kumi na tisa," alisema. "Vyuoni, redioni. Kumbe haikuwepo."

Nilingoja alie, au nikasirike. Hakuna kilichokuja.

"Unajisikiaje?" aliniuliza.

"Sijisikii chochote."

"Hata mimi. Kama mguu uliokufa ganzi."

"Ganzi ikitoka huwa inauma."

"Najua. Usiondoke kabla haijaanza kuuma."

Nikavuta kiti, nikakaa. Baadaye Loïc akagonga mlango, akachungulia.

"Samahani. Nataka kujua tu. Mwenzangu akiruka, nimdake, au nisimdake?"

"Mdake," Odile alisema.

"Lakini tuzo walitoa kwa sababu ya anguko."

"Nimesema mdake."

"Sawa. Nikishamdaka, kinafuata nini? Video inaishia pale."

Odile alinigeukia. Tangu niingie hakuwa amenitazama usoni.

"Kulikuwa na dakika nne zaidi," alimwambia kijana, macho kwangu. "Tulizitunga wawili jikoni kwetu. Hakuna aliyewahi kuziona." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Unazikumbuka?"

"Zote."

Akainama, akaanza kuvua soksi, kama zamani kabla ya kucheza.