Kabla ya Kuvuka Seng'enge

Kila asubuhi Marlys Kjelstad aliamka mapema kuliko wote. Aliwasha jiko, akateleka kahawa, akakata nyama ya kukaanga. Kisha alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni kuitazama bunduki. Alitaka kujua kama imesogezwa.

Bunduki ile ilikaa pale tangu Marlys hajazaliwa. Huku Montana, Marekani, mashambani, kila nyumba ina yake nyuma ya mlango, kwa ajili ya dubu na mbwamwitu wanaofuata ndama. Marlys alijifunza kulenga shabaha akiwa na miaka tisa. Hakuwahi kuiogopa bunduki maishani mwake. Sasa aliiogopa hii moja, na aliona haya kuiogopa.

Mwenye bunduki alikuwa baba yake, Mzee Lowell, mwenye miaka themanini na moja. Mwaka uliopita daktari alisema mzee ana ugonjwa wa kusahau, na kwamba utazidi. Mzee aliweka viatu kwenye friji. Alimwita Marlys kwa jina la mkewe Ardis, mama yake Marlys, aliyefariki zamani. Hayo yalivumilika.

Lakini Jumanne moja Dwight, mume wa Marlys, aliingia kwa mlango wa nyuma saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amevaa koti jipya la kijivu. Alimkuta mzee amesimama katikati ya jikoni, mtutu wa bunduki umemwelekea Dwight kifuani.

"Kibali kiko wapi?" mzee aliuliza.

"Kibali gani, mzee?"

"Usijifanye hujui. Watu wa serikali hamuingii kwangu bila karatasi ya hakimu. Katiba inasema hivyo. Bunduki zangu hamzichukui!"

"Mzee, ni mimi Dwight. Mkweo."

"Mkwe wangu ana akili. Hawezi kununua koti kama hilo."

Marlys alisimama na sufuria mkononi. Akasema polepole, "Baba, viazi vinapoa."

Mzee alimgeukia, akaviangalia viazi. Akashusha mtutu. "Haya. Na huyu wa serikali naye mpe sahani. Anaonekana ana njaa."

Dwight aliketi, akala.

Baadaye mke na mume walikwenda kuzungumza zizini.

"Tumpigie sherifu na polisi wake?" Marlys aliuliza.

"Weee! Waje na magari matatu, taa zinawaka, na yeye yuko ndani na bunduki? Siku hiyo ameingoja miaka hamsini. Atapigana, nao watampiga risasi."

"Na wewe akikupiga je?"

Dwight alikuna kichwa. "Mimi nina bunduki sita, Marlys. Serikali haijui hata moja, na itabaki hivyo. Siwezi kumwuza baba yako kwa watu ambao mimi mwenyewe siwaamini."

"Nani kasema umwuze? Nataka uingie jikoni kwangu na utoke mzima, basi."

Wakaamua kuficha risasi. Marlys alikusanya kila boksi ndani ya nyumba: kabatini, chini ya kitanda, hata kwenye kopo la biskuti. Alizifungia zote garini kwa Dwight. Bunduki aliiacha mahali pake, tupu, ili mzee asishtuke. Usiku ule alilala fofofo.

Jumamosi asubuhi alikuwa akianika nguo uani. Alisikia mlio kutoka kwenye kibanda cha kazi cha baba yake, nyuma ya nyumba. Ka-chak. Ka-chak. Marlys aliujua mlio ule tangu utotoni, akaiacha shuka ianguke kwenye matope.

Mzee Lowell alikuwa ameketi mbele ya mashine yake ndogo ya mkono. Kwa miaka arobaini alikuwa akijitengenezea risasi mwenyewe. Mtu mwenye kujua, alikuwa akisema, hategemei duka wala hamwombi mtu. Asubuhi ile alishindwa kufunga vifungo vya shati lake. Lakini mikono haikuwa imesahau kazi yake ya zamani. Alitia baruti kwenye ganda, akashindilia, akaweka kando. Risasi ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa mezani, zinang'aa.

"Ardis, nimekuta maboksi hayapo," alisema kwa furaha. "Nikasema haidhuru, najitengenezea."

Marlys alirudi ndani akampigia simu jirani yao, Janine Sorley.

Janine aliuza bunduki mjini, na kila mwaka alifundisha darasa la wawindaji wapya. Kazi hiyo ya kufundisha aliirithi kwa Mzee Lowell, ambaye ndiye aliyemfundisha yeye. Alifika haraka. Walizungumza uani.

"Kuficha risasi peke yake hakutoshi," alisema Janine. "Tena baruti ndiyo mbaya zaidi. Akikosea kipimo, bunduki inamlipukia usoni. Iondoeni leo hii, na mashine pia."

"Na bunduki?"

"Bunduki itoke nyumbani. Ikae kwa mtu anayemwamini, kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Mimi ninalo."

"Sheria inaruhusu?"

"Hapa kwetu, ndiyo. Dada yangu anaishi jimbo jingine, kule kuna karatasi za kujaza kwanza. Kila mtu aulizie kwao. Ila dada, kosa lenu ni moja. Mlipaswa kuongea naye mwaka jana, daktari aliposema, akili yake ikiwa bado nyepesi. Mnaongea juu ya mashamba na mazishi, juu ya bunduki mnanyamaza."

"Tuliogopa atatuona wasaliti."

"Najua. Hata kwangu baba angeninunia. Asubuhi hii yukoje?"

"Leo ana nafuu kidogo."

"Basi twende sasa hivi."

Walimwita mzee jikoni. Aliposikia neno bunduki, uso ulimbadilika. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, Mwalimu."

"Ni serikali."

"Serikali? Mimi hata makarani wa sensa nawajibu kupitia dirishani! Hakuna orodha ya bunduki, hakuna sherifu. Ni mimi, Janine."

"Sitoi bunduki yangu."

Marlys alifumba macho. Alidhani mambo yameharibika. Lakini Janine alivuta kiti, akaketi kama mwanafunzi.

"Mwalimu, nimesahau kitu cha darasani. Uko mawindoni, umefika kwenye ua wa seng'enge. Unafanya nini?"

Mzee alijinyoosha. Jibu lilimtoka lenyewe. "Unafungua chemba ya bunduki. Unatoa risasi. Unampa mwenzio bunduki aishike. Ndipo unavuka."

"Hata kama wewe ni hodari?"

"Hodari ndio wanaokufa! Kwenye seng'enge kila mtu hujikwaa."

"Je, ukimpa mwenzio, amekunyang'anya?"

"Kunyang'anya wapi? Ni mwenzio."

Janine alinyoosha mikono yote miwili. "Umefika kwenye seng'enge, Mwalimu."

Mzee aliitazama mikono yake, kisha akamtazama binti yake.

"Marlys," alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alilipata jina lake. "Nimefanya nini?"

Marlys alitamani kudanganya, lakini alimwambia ukweli. "Ulimnyooshea Dwight bunduki, Baba. Hukumjua."

Macho ya mzee yalijaa machozi. Aliinuka, akaitoa bunduki nyuma ya mlango. Akauelekeza mtutu ukutani, akafungua chemba, akatazama ndani, akapapasa kwa kidole.

"Tupu," alisema.

"Nimeona, ni tupu," Janine alijibu, kama alivyofundishwa, akaipokea.

Waliandika karatasi. Bunduki inakaa kwa Janine. Haiuzwi. Mzee akifariki, ni ya Marlys. Mzee alitia sahihi taratibu. Dwight alipakia garini mashine, baruti na zile risasi mpya. Bunduki zake sita nazo alizinunulia kabati la chuma, ufunguo akautia mfukoni.

Wiki tatu zilipita. Siku moja Dwight aliingia kwa mlango wa nyuma, na lile koti lake la kijivu. Mzee Lowell aliruka kutoka kitini. Kabla Marlys hajageuka, mkono wa baba yake ulikuwa umeshapita nyuma ya mlango na kukamata.

Ulikamata ufagio.

"Kibali kiko wapi?" mzee alinguruma.

Dwight aliinua mikono. "Sina, mzee."

"Huna? Basi vua koti hilo baya, ukae ule."

Dwight alicheka. Marlys naye alitaka kucheka, lakini aliketi chini sakafuni palepale, akalia. Alikuwa ameuona ule mkono ulivyokwenda haraka.