Mikokoteni Mitupu ya Taratibu

Kila alasiri Mipango alipotoka shule aliingia kwa mlango wa uani, akavua viatu, akala alichowekewa, kisha akampelekea shangazi yake kazi za nyumbani. Shangazi alizikagua zote, hata pale palipofutwafutwa. "Bila kazi ya shule hakuna vita," alizoea kusema, na hapo ndipo alipotoa ufunguo wa chumba cha nyuma.

Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta, na Mipango alikuwa akiishi kwake. Karakana ilikuwa upande wa mbele wa nyumba: meza ndefu, bisibisi za kila ukubwa, na mashine zimelala matumbo wazi. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta nne kuukuu alizozifufua mwenyewe, naye aliwaachia watoto wa mtaa humo wawe na klabu yao ya michezo ya mbinu.

Jina la Mipango si la kuzaliwa. Wenzake walimbandika kwa sababu hakufanya jambo bila kulipanga, hata kwenda dukani kununua chumvi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye aliyeongoza klabu. Chini yake alikuwepo Redio, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwepo Pacha, mvulana wa vicheko, ambaye pacha mwenzake aliona michezo ya kompyuta ni kupoteza macho bure. Na wa mwisho kujiunga alikuwa Taratibu, mvulana aliyefikiri mara mbili kabla ya kusema hata shikamoo.

Mchezo waliokuwa wakiujifunza kwa ajili ya mashindano ya vilabu uliitwa Ngome na Maghala. Kila mchezaji alitawala mji wake, na miji yote minne ilipigana na jeshi lililoendeshwa na kompyuta. Mji mmoja ulikuwa na chuma, mwingine mbao, mwingine farasi. Mji wa Taratibu ndio uliolima nafaka. Basi ili wote waishi, ilibidi kila mmoja apakie mali yake kwenye mikokoteni ya punda na kuwapelekea wenzake.

Na shida ilikuwa kwenye hiyo mikokoteni.

"Imefika?" Taratibu aliuliza.

"Imefika," alijibu Pacha, ameinamia skrini yake. "Mitupu."

"Nimepakia magunia mimi mwenyewe. Njoo uone ghala langu, limepungua."

"Limepungua kwa sababu umeyaficha kwingine!" Redio alidakia. "Leo mara ya ngapi? Mimi farasi wangu wanakufa, huyu askari wake wametoroka kwa njaa, wewe watu wako wananenepa tu. Haya makusudi."

"Labda mchezo una hitilafu," alisema Taratibu kwa sauti ya chini.

"Hitilafu gani hiyo inayokuchagua wewe peke yako?"

Kwenye skrini ya Pacha ukuta wa ngome uliporomoka, na adui akaingia. Wote wanne waliutazama mji ukiungua, na watatu kati yao wakimtazama Taratibu kwa pembe ya jicho.

Alipoondoka, Redio alifunga mlango. "Nyie mmesahau alikotoka alipohamia kwetu? Si ile shule ya ng'ambo ya barabara kuu? Tutakayopambana nayo? Nani anajua kama hawajamtuma?"

"Acha uzushi," alisema Pacha.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu."

Pacha alikuna kichwa. Alitaka kucheka lakini kicheko hakikuja. Hata Mipango, ambaye hakupenda umbeya, aliona neno hilo limemwingia. Tangu siku ile aliketi akimchungulia Taratibu badala ya kuangalia mji wake mwenyewe. Mvulana akitabasamu, alijiuliza anachekea nini. Akinyamaza, alijiuliza anaficha nini. Mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya utasema ni ishara.

Sasa, kuna jambo ambalo Mipango peke yake ndiye aliyelijua, na lazima lisemwe hapa.

Shangazi alipoununua mchezo ule, kampuni iliyoutoa iliweka kufuli ndani yake: unafunguka kwenye kompyuta tatu tu. Ukitaka ya nne, nunua tena. Siku hiyo palizuka ubishi mkubwa.

"Huu ni ubahili," Pacha alilalamika. "Mtu keshalipa, bado anachungwa kama mwizi!"

"Bila kufuli wewe ungenunua?" Redio alimjibu. "Ungemwendea jirani, naomba nakala, basi. Na waliotunga wale nini, mawe?"

"Lakini wenye kuiba wanavunja kufuli siku ya pili tu. Anayesumbuka ni sisi tulionunua!"

Shangazi aliwasikiliza huku akifuta vumbi kwenye feni ya mashine. "Wote mna haki kidogo," alisema. "Ila tatu ni tatu. Ile ya dirishani itakuwa ya kuandikia."

Kisha Taratibu akaja, na mashindano yakahitaji timu ya watu wanne. Mipango akapanga. Alimwomba mvulana mmoja wa darasa la juu, mwenye sifa ya kuwa na kila kitu kwenye flashi yake, ampe nakala iliyovunjwa kufuli. Akaiweka kwenye kompyuta ya dirishani. Shangazi alipouliza, alimwambia kampuni imelegeza masharti, sasa inaruhusu nne. Wenzake aliwaambia Shangazi amelipia. Wote waliamini, maana Mipango hakuwa na rekodi ya uongo. Na nani aliketi dirishani? Taratibu.

Mwanzoni Mipango hakuunganisha mambo hayo mawili. Alijua tu kwamba timu yake ina msaliti, na kiongozi mzuri hamwachi msaliti. Jumatano, baada ya kumaliza kazi ya jiografia, aliingia kwenye mtandao, kwenye jukwaa ambako wachezaji wa mchezo ule hubishana, ili atafute namna ya kumnasa mtu anayeficha nafaka.

Huko alikuta watu wanarushiana maneno. Mmoja alikuwa ameuliza, "Jamani, mbona mikokoteni yangu inafika mitupu?" Aliyefuata alimjibu, "Nunua mchezo, bwana. Hilo ni kufuli la pili. Nakala ya wizi inakubali kucheza, kisha inakula mzigo njiani kimyakimya." Wengine walicheka. Mwingine alikasirika kwelikweli. Aliandika kwamba kampuni imefanya ujinga, kwa kuwa mwizi hajui kwamba ameadhibiwa, anadhani mchezo ni mbovu, na wanaocheza naye wanadhani mwenzao ni mwongo.

Mipango alisoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Alifunga ukurasa haraka, akageuka nyuma kutazama kama Shangazi yuko mlangoni. Hakuwepo. Alisikika mbele karakanani akibishana na mteja.

Sema sasa, moyo ulimwambia. Lakini akisema, Shangazi atajua amedanganywa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Pacha na Redio watamcheka. Timu itabaki na mashine tatu, na uongozi je? Alipanga atasema baada ya mashindano. Ulikuwa mpango mbaya kuliko yote aliyowahi kuipanga, na aliujua ubaya wake.

Alhamisi Redio alileta hoja. Taratibu atoke, binamu wa Redio aingie. "Anayekubali anyooshe mkono."

Redio alinyoosha. Pacha alisitasita, akanyoosha nusu. Wote wakamgeukia kiongozi wao. Mipango aliona mkono wake ukipanda juu, akaushangaa kama mkono wa mtu mwingine.

Taratibu hakulia. Alichukua begi lake, akarudisha kiti chini ya meza vizuri, akaaga, "Haya, kwaherini." Mipango alitamani mvulana yule angetukana, angepiga teke mlango, afanye lolote lile ambalo lingemfanya aonekane ana kosa.

Ijumaa walikuwa wakimngojea binamu wa Redio pale mlango ulipogongwa. Alikuwa Taratibu. Redio alisimama, mikono kiunoni.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nina ombi moja. Redio akae dirishani, mimi nikae pake. Mara moja tu. Mikokoteni yangu ikifika mitupu, sirudi tena hapa."

"Haiwezekani," alisema Mipango. Alisema haraka mno.

Pacha aligeuza kiti. "Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu... tumeshaamua. Na kila mtu amezoea kipanya chake."

"Kipanya!" Redio alikodoa macho. "Mipango, tangu lini wewe ukajali vipanya? Wewe ndiye kila siku unasema tujaribu, tuone. Leo hutaki tuone. Unajua nini sisi tusichokijua?"

Basi shuku iliyomwandama Taratibu wiki nzima ikabadili njia, ikamgeukia Mipango. Aliona ilivyo. Macho yale yale, kimya kile kile, na kila alichotaka kusema kilionekana uongo kabla hakijatoka mdomoni. Akarudi nyuma hatua moja. Redio akajibwaga kwenye kiti cha dirishani.

Walicheza. Safari hii Redio ndiye aliyelima nafaka. Alipakia, akawaswaga punda, huku akitangaza kila gunia kama mtu wa mnada. Mikokoteni ilivuka daraja, ikapita msitu, ikaingia kwa Pacha.

"Mitupu," alisema Pacha. Akainua kichwa polepole. "Redio! Kumbe na wewe!"

"Mimi? Wee! Umeniona nikipakia!"

"Hata Taratibu alisema alipakia!"

"Usinifananishe na... Mimi si mwizi, Pacha! Mimi si mwizi!" Redio, mtu wa maneno, machozi yalimlenga na neno la pili likakosekana.

Taratibu hakufurahi. Alimtazama tu. "Inauma, eh?" alisema. "Mimi jana nimefika nyumbani mapema, mama akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nimefukuzwa. Akaniuliza nimeiba nini. Nikamwambia sijaiba. Akasema, asiye na kosa hafukuzwi, kesho urudi ukaombe radhi. Sasa niombe radhi ya nini?"

Hapo Mipango alishindwa. Kuonwa mwongo na wenzako ni kitu kimoja, lakini kuonwa mwizi na mama yako mzazi ni kingine.

"Ni mimi," alisema. "Mchezo wa dirishani ni wa wizi. Shangazi hakulipia, nilidanganya. Kufuli la kampuni linakula mizigo ya nakala za wizi. Nimelijua tangu Jumatano, na bado nikanyoosha mkono."

"Tangu Jumatano?" Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa amevutwa na kelele, bisibisi bado mkononi.

"Shikamoo, Shangazi," Taratibu alisema, maana adabu ni adabu hata nyumba ikiungua.

"Marahaba, mwanangu." Lakini macho yake hayakumtoka Mipango. Alimwinua Redio, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akaufuta mchezo ule mpaka alama ya mwisho. Hakufoka, na Mipango aliona afadhali angefoka.

"Lakini Shangazi," Pacha alijaribu kutetea, "kampuni nayo ina makosa! Kwa nini ifiche? Ingeandika tu kwenye skrini, hii ni nakala ya wizi, tungejua siku ya kwanza."

"Kweli kabisa," Shangazi alijibu. "Na hiyo tatu yao ni ubahili. Jumatatu nitawapigia simu niwaambie hayo yote, nione watasemaje. Wakikataa, mtapokezana. Watatu wacheze, mmoja atazame na kujifunza. Kwenye mashindano mashine zenye mchezo halali zitakuwepo za wote wanne." Akamgeukia Mipango. "Wa kwanza kutazama ni wewe. Na uongozi utakaa pembeni mpaka wenzako wenyewe wakurudishie. Sasa vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mama yake Taratibu. Aliyesikia uongo lazima asikie na ukweli."

Walitembea watatu, Taratibu mbele, na Redio na Pacha wakabaki kufunga chumba. Kabla hawajatoka, Redio alikuwa ameshika mkono wa Taratibu na kusema, "Yale ya kutumwa nilitunga tu. Nisamehe." Kwa Redio, hiyo ilikuwa hotuba fupi kuliko zote.

Njiani Shangazi alisema, "Sikiliza, mwanangu. Kufuli likikuudhi, nenda ukagombane na mwenye nyumba mlangoni, mchana, watu wakiona. Pengine utamshinda. Lakini ukipita dirishani, atakayekamatwa si lazima uwe wewe. Atakamatwa aliyekuwa karibu. Na ukimwona amekamatwa badala yako ukanyamaza, hapo unakuwa umeiba kitu ambacho hakiuzwi dukani, jina zuri la mwenzako. Hicho sasa utakirudisha kwa mdomo wako, si kwa mdomo wangu."

Mama yake Taratibu alikuwa fundi cherehani, na aliwapokea bila kuondoka kwenye mashine yake. Mipango alisimama katikati ya chumba akaeleza yote, tangu flashi mpaka mkono ulionyooshwa. Hakuruka hata lile la Jumatano. Cherehani ilikwenda, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Yule mama aligeuka akamtazama mwanawe aliyekuwa bado kizingitini, kama anangojea kukaribishwa nyumbani kwao.

"Njoo hapa, baba," alimwambia. "Uliniambia hukuiba, nami sikukuamini. Nisamehe."