Shiromani ya Mjomba Combo

Kila asubuhi Rahmati alifagia kizingiti cha nyumba ya bibi yake, Koko Bahia, katika vichochoro vya Mutsamudu, kisha akateremka bandarini kuulizia meli ya Moroni. Jibu lilikuwa lile lile: hakuna. Tangu kisiwa cha Nzwani kijitenge na Moroni, kijitangaze nchi huru na kuwekewa vikwazo, sukari na mafuta ya taa vilikuwa adimu. Rahmati alikuja kwa likizo tu, akakwama. Mama yake, Moina, alikuwa ng'ambo, Mvouni, kijiji cha mlimani juu ya Moroni, akifuga nyuki.

Siku moja aliporudi kutoka bandarini alikuta watu wamejazana kichochoroni. Kundi la nyuki lilikuwa limetua juu ya mlango wa Koko, likining'inia kama fenesi. Koko alikuwa ndani, hawezi kutoka.

"Tuwachome," alisema Mjomba Combo, kaka yake Moina. "Leteni mafuta ya taa."

"Yamebaki kikombe kimoja," Koko alijibu kutoka dirishani. "Na huo mlango ni wa mbao, mwanangu."

"Mjomba, nyuki wanaohama huwa wapole," Rahmati alisema. "Nipatie sanduku na makumbi ya nazi. Mama amenifundisha."

"Mamako ni dada yangu, nampenda, lakini nyuki ni kazi ya kiume. Mwanamke huchuja asali. Kaa kando."

Akashika ufagio. Kisha akaukumbuka uso wake, akaomba arushiwe shiromani, ile nguo pana wanayojifunika wanawake wa Nzwani. Akajizungushia, yakabaki macho na ncha ya ndevu.

"Kazi ya kiume," Koko alisema, "umeivalia nguo ya kike."

Combo akalipiga lile kundi pigo moja. Nyuki wakamfuata hadi ndani ya shiromani. Alitimua mbio kichochoroni, nguo ameipandisha magotini. Mzee Chamsoudine, aliyekuwa akitoka msikitini, akampisha kwa heshima.

"Pole, mama. Kuna msiba?"

"Nyuki," zikajibu ndevu.

Watu walicheka, lakini Rahmati hakucheka. Alijua akishindwa, wasichana wote wataambiwa nyuki si kazi yao. Alisubiri nyuki warudi mlangoni na kutulia, akawasha makumbi ndani ya kopo, akafukiza moshi polepole. Jirani mmoja alimpa sanduku. Akaliinua chini ya kundi na kuwasukumia nyuki ndani kwa fungu la majani. Mmoja akamuuma sikioni. Akajiuma mdomo, asitikisike. Malkia alipoingia, wengine wakaanza kumfuata wenyewe. Jua lilipopungua sanduku lilifunikwa, likapelekwa kwenye shamba la mikarafuu la Koko.

Combo alirudi mdomo umevimba kama sambusa. "Mpwa wangu," alisema kwa shida, "kesho unifundishe kuwasha makumbi."

"Nitakufundisha, Mjomba. Lakini ufagio uache nyumbani."

Koko akatoka nje, akawatazama wote wawili. "Nyuki hawaulizi kama aliyewashika ni mwanamume au mwanamke. Wanataka mkono uliotulia. Kazi ni ya aliyejifunza, wanangu, na anayekataa kufundishwa kwa sababu mwalimu ni msichana, atafundishwa na nyuki."

Combo akaitikia kwa kichwa, kwani mdomo ulikuwa umegoma.