Kamba ya Kisimani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Semeni aliketi kibarazani pamoja na bibi yake, wakasokota kamba. Nyumba ile haikuwa na shamba la maana wala mtu wa mshahara. Ilikuwa na makumbi ya nazi tu. Waliyafukia pwani kwenye tope mpaka yakalainika, wakayafukua, wakayaponda kwa rungu zikabaki nyuzi. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ndio uliowalisha.

Bibi yake, Bi Kazija, alijulikana kwa kamba zake kutoka kijijini kwao Kichangani hadi Pangani. Hakuwa mpole. Aliyelegeza kazi alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Tena alikuwa na desturi moja iliyomchosha Semeni kuliko zote. Kamba ikishasokotwa, kwa Bi Kazija ilikuwa bado. Sharti ipitishwe yote kiganjani, polepole, macho yamefumbwa, kisha ifungwe kwenye mnazi na kuvutwa na watu wawili.

"Kwani lazima nifumbe macho, bibi?" Semeni aliwahi kuuliza.

"Lazima. Macho yako yanataka kumaliza ukacheze. Kiganja hakina pa kwenda."

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni na sukari zilipotea madukani, na mashine ya kuvuta maji ya kijiji ilinyamaza kwa kukosa dizeli. Watu walirudi kuchota dimbwini, maji ya chumvichumvi yenye viluwiluwi. Watoto wakaanza kuharisha, na mmoja, jirani yake Semeni, alizikwa kabla hajaanza hata kutembea. Ndipo wazee wakaamua kisima cha zamani, kilichojaa mchanga, kichimbuliwe upya. Aliyejitolea kushuka ni Uweso, mjomba wake Semeni, ambaye kazi yake ilikuwa kukwea minazi. Kamba za nailoni hazikupatikana hata Tanga mjini, kwa hiyo wakaja kwa Bi Kazija.

Bi Kazija alisokota sehemu kubwa ya kamba ile mwenyewe. Ikabaki kidogo, homa ikamlaza.

"Malizia wewe," alimwambia Semeni kutoka kitandani. "Lakini ujue ni ya nini."

Kamba nene husokotwa kwa nyuzi tatu nene za usumba. Kila uzi unapoanza kupungua huongezwa usumba mapema, ili mpya ushikane na wa zamani. Ukichelewa, uzi huwa mwembamba mahali hapo, na nyuzi mbili nyingine huuficha. Kwa kutazama tu, hutaona kitu. Semeni aliyajua yote hayo.

Alikuwa karibu kumaliza wakati rafiki yake Rahila alipokuja akihema.

"Semeni! Khanga zimefika duka la ushirika! Foleni imeshafika msikitini, wewe umekaa tu hapo?"

Idi ilikuwa karibu, na khanga ya Semeni ilikuwa imechakaa hadi aibu. Vidole vyake vikaanza kukimbia. Alisokota kipande cha mwisho harakaharaka, akafunga ncha, akaikunja kamba.

"Semeni!" Bi Kazija aliita kutoka ndani.

"Labeka, bibi."

"Umeipitisha mkononi?"

"Nimeipitisha."

Uongo ulimtoka kirahisi. Kaka yake Badru aliibeba kamba begani kwenda kisimani, naye Semeni akakimbilia foleni.

Alisukumwa, akakanyagwa, lakini alipata. Alikuwa ameikumbatia doti yake mpya, anacheka na Rahila, aliposikia kelele upande wa kisima. Kwanza alidhani maji yameonekana. Halafu akasikia wanawake wakilia.

Ndoo iliyojaa mchanga na mawe ilikuwa imefika karibu na mdomo wa kisima, kamba ikakatika. Ndoo ikamwangukia Mjomba Uweso. Walimtoa kwa kamba ya nanga waliyokwenda kuazima kwa wavuvi, na alipofika juu mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika pawili. Hakuwa akilia. Meno yake yalikuwa yakigongana.

"Kitambaa! Nani ana kitambaa?" Badru alipiga kelele.

Watu walitazamana. Wakati ule nguo ya kuchana hakuwa nayo mtu. Semeni aliitoa khanga yake, bado ina mikunjo ya dukani, Badru akaichana kwa meno na kuufunga mkono. Lori la mkonge lililokuwa likipita barabarani likamchukua Mjomba hospitali.

Bi Kazija alifika akijikongoja na homa yake. Aliuokota mwisho wa kamba iliyokatika, akaushika kwa vidole kwa muda mrefu. Semeni alisubiri kofi. Angelipokea kwa furaha.

"Uzi mmoja hapa ulikuwa mwembamba, unapumua tu," bibi alisema taratibu. "Uliipitisha mkononi?"

"Hapana, bibi."

"Basi hayo hutaniambia mimi. Utamwambia yeye."

Plasta ya kufungia mifupa haikuwepo hospitalini miezi ile. Daktari aliufunga mkono kwa vibao, akasema wazi kwamba Uweso hatakwea mnazi tena. Mtu mwenye watoto wadogo, aliyeishi kwa mikono yake! Semeni alisimama kando ya kitanda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, ile kamba nilimalizia mimi. Sikuikagua. Nilikimbilia khanga. Nisamehe, mjomba."

Uweso alimtazama, kisha akageuzia uso ukutani. Semeni alilia njia nzima kurudi, na alipofika nyumbani bibi yake hakumbembeleza.

Kisima kikabaki nusu. Watu wakaendelea kunywa maji ya dimbwi, na mtoto wa pili akafa. Semeni aliposikia habari hiyo alishindwa kula. Siku ya pili yake Bi Kazija, ambaye homa ilikuwa imempungua, alimwekea pakacha la usumba mbele yake.

"Kamba nyingine inatakiwa. Sokota."

"Watu hawataikubali, bibi. Wanajua ni mimi."

"Hawataikubali ukiisokota kama ile. Sokota."

Semeni alisokota mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya kazi ilipofika, wanaume walikusanyika kisimani mapema. Safari hii aliyekuwa ashuke ni Badru. Mjomba Uweso alikuja pia, mkono umening'inia katika kipande cha khanga, akaketi mbali peke yake.

"Lete kamba!" wanaume walisema.

"Bado," Semeni alijibu. Aliketi chini, akafumba macho, akaanza kuipitisha kamba kiganjani.

"Jua linapanda, binti!"

"Jana si ulikuwa unaipitisha hiyohiyo? Sisi hatuna kazi nyingine?"

Semeni aliendelea. Katikati ya kamba kiganja chake kilisita. Akarudi nyuma, akapitisha tena. Palikuwa na wembamba, mdogo sana, kama uzi umevuta pumzi. Jana hakuugundua. Akafumbua macho.

"Hapa pabovu. Naifumua."

Watu waliguna. Badru mwenyewe aliinama kutazama, akasema, "Mbona sioni kitu? Acha bwana, itafaa."

"Ndiwe utakayekuwa chini, kaka," Semeni alisema. "Sikupi."

Aliifumua, akaongeza usumba, akaisokota upya huku watu wakimnung'unikia. Aliipitisha tena kiganjani, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaifunga kwenye mnazi na kuwaomba wanaume wawili waivute. Wakaivuta kwa hasira, na kamba ikashika.

Hapo Mjomba Uweso akanyanyuka. Aliipokea kamba kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akaiacha ipite kiganjani yote huku Semeni akiivuta polepole.

"Shuka, Badru," alisema.

Kabla ya magharibi mchanga ulianza kutoka umelowa, na baadaye ndoo ikapanda na maji. Yalikuwa ya tope, lakini hayakuwa na chumvi. Wanawake walipiga vigelegele. Semeni hakupiga. Alikwenda kwa mjomba wake, akachuchumaa mbele yake.

"Sikiliza, Semeni," Uweso alisema. "Nimekusamehe, lakini mkono huu hautarudi, na sitakudanganya kwamba haunisumbui. Nilipokuwa kule chini, sikuwa na njia ya kuikagua kamba. Wewe ulikuwa nayo. Kazi ya mikono ni hivyo daima. Anayeitumia anakuamini kwa sababu hana la kufanya. Kwa hiyo usiseme umemaliza mpaka umekagua, hata kama kijiji kizima kinakupigia kelele."

"Nimesikia, mjomba."

Bi Kazija alimpa Semeni bakuli la maji ya kwanza. Semeni alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza mdomoni mwa mjomba wake, akamnywesha.