Ukurasa wa Maji Moto

Baba yake Natasha, Bwana Khaemba, alipata Jumapili moja tu ya kupumzika kila mwezi. Jumapili nyingine zote alikuwa kiwandani. Kwa hiyo Jumapili hiyo moja ilikuwa na desturi zake katika nyumba yao ya Kaptembwo. Mama aliamka mapema kukaanga chapati. Natasha, aliyekuwa darasa la sita, aliteka maji, akapaka viatu rangi, kisha akamsugua masikio mdogo wake Quincy mpaka akapiga kelele. Walienda kanisani, wakarudi wakala, na Baba akalala usingizi wa mwezi mzima.

Jumapili moja ya Agosti, mwaka wa 2008, desturi hiyo ilivunjwa na kijitabu.

Kijitabu kilikuwa kazi ya darasa la sita. Mwaka ulikuwa umeanza vibaya baada ya uchaguzi. Majirani walikuwa wameogopana na kufungiana milango, na Mwalimu Jepkoech alisema watoto walikuwa wameona mabaya ya kutosha. Sasa waone uzuri wa mkoa wao. Kila mwanafunzi aliandika ukurasa mmoja kuhusu mahali ambapo familia ingeweza kuwapeleka watoto: njia ya kufika, vitu vya kubeba na michezo ya huko. Chini ya kila ukurasa palikuwa na swali, "Aliyefika huko ni nani?"

"Kama hujafika, muulize aliyefika, uandike jina lake," Mwalimu aliwaambia. "Hakuna aibu katika hilo."

Kurasa zilitolewa nakala, zikabanwa pamoja, na siku ya kufunga shule kila mtoto akaenda na kijitabu chake nyumbani. Quincy, aliyekuwa na miaka sita, alikifungua akaona mchoro wa shimo kubwa kuliko mtaa mzima. Ilikuwa kreta ya Menengai, na aliyeuandika ukurasa huo ni Navneet, kijana ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Tangu siku hiyo Quincy hakuwapa watu raha. Alilala na kreta na kuamka na kreta, mpaka Baba akakubali kuutoa usingizi wake.

Walishuka mjini saa tatu wakiwa na chapati na chupa mbili za maji. Mama alisoma ukurasa kwa sauti: "Ukishavuka mtaa wa Milimani, kreta ni hapo tu. Hata mtoto mdogo hachoki."

Walivuka Milimani. Barabara ikaanza kupanda, nao wakapanda nayo. Lami iliisha, vumbi likaanza. Saa nzima ikapita. Kila kona Quincy aliuliza kama ndiyo ile, na kila kona haikuwa. Chupa ya kwanza iliisha, kisha ya pili. Kiatu kilimchubua Quincy kisigino, Baba akambeba mgongoni. Jua la saa tano liliwakuta hawajaona shimo lolote.

Walikutana na mzee mmoja akichunga mbuzi.

"Mzee, kreta bado iko mbali?" Baba aliuliza.

Mzee alimtazama Quincy, ambaye uso ulikuwa umemwiva. "Mko nusu ya njia. Na hiyo imebaki ndiyo ya kupanda kabisa. Nani amewaambia mlete mtoto kwa miguu?"

Kabla hawajajibu, Quincy alitapika mgongoni mwa Baba. Safari ikaishia hapo. Mzee aliwapa maji kidogo aliyokuwa nayo, wakageuka kuteremka. Quincy alilia, na hakulilia kisigino.

"Kreta imetukataa?" aliuliza.

Natasha alilipiga teke jiwe la njiani. Hapo tu! Hapo tu ya nani? Baba yake alisimama mbele ya mashine siku ishirini na tisa ili apate siku moja, na siku yenyewe imeliwa na maneno mawili ya mtu mvivu wa kufikiri! Natasha alikasirika kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya Quincy, na kwa ajili ya shati la Baba lililokuwa jipya.

"Basi, tulieni," Mama alisema. "Siku nyingine tutaenda kule Natasha aliandika. Ziwa Bogoria, tukaoge maji moto."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuoga? Mama Natasha, mimi nimefanya kazi ya barabara upande wa Marigat. Yale maji yanachemka. Tulikuwa tunafunga mayai kwa kitambaa, tunatumbukiza, yanaiva. Mbuzi akiteleza mle, humtoi akiwa mzima." Aligeuka. "Kwani Natasha, uliandika watu waoge?"

"Niliandika kuna maji moto," Natasha alijibu, na hilo peke yake halikuwa uongo.

Lakini aliharakisha hatua, asiulizwe zaidi. Hakuwahi kufika Bogoria. Alikuwa ameona picha tu kwenye kalenda ya kinyozi: mvuke mweupe kando ya ziwa, na chini yake maneno "chemchemi za maji moto." Kwa Natasha maji moto yalikuwa yale ya Jumamosi jioni, ambayo Mama aliyamimina kwenye karai na kuyapima kwa kiwiko. Akaandika kwa furaha kwamba familia ibebe taulo na sabuni, na watoto waogelee siku nzima bila kununua makaa. Palipoulizwa nani alifika huko, aliandika, "Mimi mwenyewe."

Sasa, akiteremka mlima, alijiambia hakuna mtu atakayekwenda mbali hivyo. Tena hasira juu ya Navneet ilikuwa tamu zaidi kufikiria, akaishika hiyo.

Kesho yake alasiri alienda moja kwa moja mpaka dukani kwa kina Navneet. Bwana Gurdial, baba yake, alikuwa akimpimia fundi misumari. Wateja wengine watatu walingoja.

"Shikamoo, Baba Navneet. Nimekuja kushtaki," Natasha alisema.

Bwana Gurdial aliweka misumari chini. "Marahaba. Shtaki nani?"

"Navneet! Aliandika Menengai ni hapo tu. Tumetembea saa mbili na hatukufika. Ndugu yangu ametapika, baba yangu amembeba hadi mgongo ukamuuma, na hatapata siku nyingine mpaka mwezi ujao!"

"Navneet! Kuja hapa," Bwana Gurdial aliita. "Sema yote, msichana. Mimi nataka yeye asikie."

Natasha alisema yote, tangu kisigino hadi shati. Navneet alisimama ameinamisha kichwa.

"Mimi nilienda na gari," alisema polepole. "Redio ilicheza nyimbo tatu hivi, tukawa tumefika. Niliona ni hapo tu."

"Hapo tu yako ina magurudumu manne!" Natasha alipaza sauti. "Sisi tuna miguu! Uliuliza mtu wa miguu hata mmoja? Unaandika kitu hujui, watu wanaumia!"

"Mwambie huyo, msichana!" fundi alisema, na wateja wakacheka.

"Pole, Natasha," Navneet alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kweli sikufikiria. Pole sana."

Natasha alijiona mrefu kama mlango. Alikuwa ameshinda, na watu wote wa dukani walikuwa upande wake. Wakati huohuo pazia la nyuma lilifunguka, akatoka Tanya, dada mdogo wa Navneet, mwenye miaka minne. Alikuwa amejivika kiunoni boya la kuogelea lililojazwa upepo, na taulo shingoni.

"Kesho naenda kuogelea!" Tanya alimtangazia kila mtu.

Bwana Gurdial alitabasamu. "Tunaenda Bogoria asubuhi. Ni ukurasa yako, Natasha. Hiyo yako ni mzuri, umeandika mpaka sabuni. Mama yangu anaumwa na magoti, anasema ataweka miguu ndani ya maji mpaka jioni."

Natasha alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Safari njema," alisema, akatoka nje.

Alitembea mpaka duka la tatu. Alijiambia watu wa langoni watawaambia. Lazima kuna mtu wa kuwaambia. Lakini jana pale Milimani, nani aliwaambia wao? Akilini alimwona Tanya akiruka kutoka kwenye gari na boya lake, akikimbia mbele ya wote kama watoto wa miaka minne wanavyokimbia. Natasha alisimama. Kisha aligeuka na kurudi mbio, kabla hajapata nafasi ya kujishauri.

Fundi na wateja walikuwa bado wapo. Afadhali wangekuwa wameondoka.

"Msiende na taulo," Natasha alisema akihema. "Yale maji yanachemka. Yanaivisha mayai. Mtoto akiingia atakufa. Mimi sijawahi kufika Bogoria. Niliona kwa kalenda."

Hakuna aliyecheka safari hii. Navneet aliinua kichwa.

"Uliandika 'mimi mwenyewe'!" alisema kwa hasira. "Umekuja hapa kunifokea mbele ya watu, na ulikuwa unajua? Mimi angalau nilifika! Huyu ni dada yangu, Natasha!"

"Nilijua tangu jana," Natasha alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Bwana Gurdial alipiga goti, akavuta kizibo cha boya la Tanya, na upepo ukatoka wote, watu wa dukani wakisikiliza. Tanya alianza kulia. Bwana Gurdial alilikunja boya, akalitia chini ya kaunta.

"Vitabu ngapi viko kwa watu?" aliuliza mwishowe.

"Arobaini na tatu."

"Basi mimi peke yangu siwezi kusamehe hii. Kuna watu wengine arobaini na zaidi. Enda kwa mwalimu wako. Navneet, wewe pia."

Jioni hiyo Natasha alimweleza baba yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavaa koti la kazi, akaenda zamu ya usiku. Natasha aliona afadhali angefokewa.

Mwalimu Jepkoech naye hakufoka sana. Alitoa daftari la darasa lenye majina na mitaa, akawapa kalamu nyekundu. "Kila nyumba," alisema. "Kila mmoja wenu ataeleza kosa lake kwa mdomo wake. Na mimi nitaenda nanyi, kwa sababu nilipitisha kurasa hizo bila kuwauliza swali lolote."

Iliwachukua siku nne. Katika nyumba nyingi walisamehewa na kupewa chai. Kwa kina Gachanja, mama mwenye nyumba aliwaonyesha taulo zilizokuwa tayari kwenye mfuko, akamwambia Natasha maneno makali ambayo hakuwahi kuambiwa na mtu mzima. Natasha alisimama akayapokea yote. Navneet alifuta "hapo tu" akaandika, "Zaidi ya saa tatu kwa miguu, ni kupanda. Nendeni na gari." Natasha alifuta ukurasa mzima, akaandika maneno ya Baba, na jina la Baba chini.

Jumapili ya mapumziko ya Septemba ilipofika, pikapu ya Bwana Gurdial ilikuja hadi Kaptembwo kuwachukua. Quincy aliiona kreta yake hatimaye. Alisimama akishikwa shati na Mama, akatazama chini kwenye lile shimo lisilo na mwisho, akauliza kama mtaa wao wote ungeingia humo.

Natasha alisimama kando ya Navneet. "Lakini hata wewe ulitutesa," alimwambia chinichini.

Baba alisikia. "Natasha, kuja." Alimketisha juu ya jiwe. "Huyu kijana alinichosha miguu. Miguu imepona. Wewe ungechoma mtoto wa watu, halafu ukaweka sahihi kwamba umeona. Sikukatazi kukasirika. Hata mimi nilikasirika siku ile. Lakini ulichukua hasira yote ukampelekea yeye, wewe hukujiachia hata kidogo."

"Nilidhani maji moto ni maji moto, Baba."

"Kukosea si shida. Hata mimi nakosea. Shida ni kusema umeona kitu hujaona. Mtu akisoma maneno yako hakuoni uso, hawezi kukuuliza mara mbili. Anakuamini tu, anashika mtoto wake mkono, wanaenda. Kama hujui, sema hujui. Hiyo haijaua mtu."

Natasha aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na aibu, lakini safari hii hakutafuta mtu wa kumgawia.

Tanya alikuja akamshika mkono, naye Natasha akaubana kwa nguvu, maana ukingo ulikuwa karibu. Mtoto alinyoosha kidole kwenye moshi mwembamba uliotoka chini kabisa ya kreta.

"Kule kuna maji ya kuogelea?" aliuliza.

Natasha alifungua mdomo. Jibu zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi, akalimeza.

"Sijui," alisema. "Twende tukaulize."