Kimeingia, Hakijashika

Kila Jumamosi asubuhi binti alikuwa akiamshwa na kiganja cha baba yake kikipiga bodi ya pikapu. Alinawa uso haraka haraka, akavaa kandambili, akatoka. Baba alisafirisha mchanga na matofali kwa pikapu na tela, na binti ndiye aliyemwongoza kurudi nyuma: njoo, njoo, kushoto kidogo, hapo hapo.

Nyuma ya pikapu palikuwa na chuma cha mviringo, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Nyumbani walikiita kirungu. Mbele ya tela palikuwa na kikombe cha chuma kilichoshuka na kukifunika kirungu hicho. Ukishakishusha unabana komeo, unapitisha pini, kisha unafunga minyororo miwili ya usalama kwa kuipishanisha. Halafu unazungusha jeki ya tela mpaka uone makalio ya pikapu yakiinuka pamoja nayo. Baba alimwambia kwamba yakiinuka, kikombe kimeshika. Kikichomoka peke yake, basi kilikuwa kimeingia tu.

Mama hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alichungulia dirishani, mwiko mkononi, akimwambia mumewe kwamba mtoto si utingo. Baba alicheka, akajibu kuwa huyu anajua kuliko utingo aliyemfukuza.

Sifa hizo zilimpanda binti kichwani. Shuleni alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba malori huvuta kwa ndoano na pete, matrekta kwa pini, na magari madogo kwa kirungu na kikombe. Wakambandika jina la Injinia. Aliyemsikiliza kuliko wote ni rafiki yake wa dawati moja, mtoto wa fundi wa kuchomea vyuma.

Jumamosi moja tairi la tela lao lilipasuka. Baba akaazima tela la mjomba, kubwa, la magurudumu manne, ambalo komeo lake lilikuwa limetoka kuchomewa kwa yule fundi. Siku hiyo rafiki naye alikuja kutazama Injinia akifanya kazi.

Kikombe cha tela lile kilikaa juu ya kirungu bila kusukumwa wala kugongwa, kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto mchanga. Binti akadhani ni ufundi wake. Alibana komeo, akapitisha pini. Ndoano za minyororo zilikuwa nene, hazikuingia kwenye matundu ya pikapu, basi akaizungushia tu kwenye chuma. Jeki nayo ilikuwa na kutu. Aliijaribu mara moja, ikamgomea, na hakutaka rafiki yake amwone akihangaika nayo. Akaiacha.

Baba alitoa kichwa dirishani. "Kimeshika?"

"Kimeingia, baba."

Mteja alikuwa ameshapiga simu, tena anagomba. Baba akasikia alichotaka kusikia, akamwita binti apande, wakaenda kupakia matofali. Kwa kuwa tela lilikuwa kubwa, walilijaza.

Kwenye mteremko wa kushukia sokoni, pikapu ilipita tuta. Pakasikika kishindo nyuma, kisha gari likawa jepesi ghafla. Binti aligeuka, akaona kitu ambacho hajawahi kukisahau: lile tela walilokuwa wakilivuta likiwapita ubavuni, halina dereva, linaharakisha. Likaacha barabara, likavamia baraza la mama mmoja mshonaji.

Mama mshonaji alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda kuongeza mkaa kwenye pasi. Alisimama mlangoni, pasi mkononi, akiitazama cherehani yake iliyolaliwa na matofali. Hakulia. Alikuwa akirudia tu kwamba alikuwa amekaa pale, sasa hivi tu alikuwa amekaa pale.

Baba aliinama kukagua tela. Komeo lilikuwa limepinda. Aliuliza kwa sauti ni nani aliyelichomea, na watu wakamjibu. Binti alifungua mdomo, akaufunga. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linajua kwamba kazi ya yule fundi karibu iue mtu.

Jumatatu rafiki alikuja darasani macho yamemvimba. Alisema wateja wamekuja kuchukua mageti yao ambayo hayajamalizika. Baba yake ameacha kuchomea. Anakaa tu, ameshika miwani yake ya kazi, anasema labda macho yameanza kumdanganya.

"Wewe ulikuwepo," akamwambia. "Kweli pale alipochomea baba ndipo palipoachia?"

"Sijui," alijibu binti.

Mwalimu alipomwita Injinia aje ubaoni, darasa likacheka kama kawaida, naye alitamani ardhi ipasuke aingie. Nyumbani hakula. Alilala chali, shuka mpaka kidevuni, na jua bado kali. Mama alimgusa paji la uso, akamgusa shingo, akamfunua kope. Alikwisha chukua mtandio ampeleke zahanati.

"Siumwi, mama. Naona aibu."

Ndipo akasema yote: jeki, minyororo, lile neno alilomjibu baba, na hili alilomjibu rafiki. Mama alikaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Kisha akamwambia anyanyuke akamweleze baba, na kwa mdomo wake mwenyewe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, mara mbili. Alisema aliyoyasema juu ya fundi aliyasema mbele ya watu, kwa hiyo yatafutwa mbele ya watu.

Wakaenda wote watatu kwa pikapu, mjomba akilikokota tela taratibu nyuma ya gari lake lenye kirungu kikubwa. Kwenye karakana walikuwepo wateja wawili waliofuata mageti yao, na mama mshonaji aliyekuja kudai cherehani yake, mkono kiunoni. Binti alisema yote huku akitazama vidole vya miguu yake. Fundi akamwambia aseme kwa sauti, kwa maana na yeye alisemwa kwa sauti. Akarudia.

Baba alilirudisha tela kwenye pikapu yake, akalinyoosha komeo kwa nyundo ya fundi, akashusha kikombe, akalibana. Kisha akazungusha jeki. Kikombe kikapanda polepole peke yake, kikaachana na kirungu, na komeo bado limefungwa, palipochomewa pazima. Mtu akaguna.

"Kosa si la huyu peke yake," alisema baba. "Tela likiwa kubwa halimaanishi pikapu yangu imekua. Mzigo unaufuata uwezo wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote, na hapa ni kirungu changu, kidogo kwa kikombe hiki. Sikutazama. Niliuliza nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikaondoka. Fundi, nisamehe."

Fundi hakusamehe papo hapo. Alimtazama binti. "Umenifanya niuogope mkono wangu mwenyewe," akasema. Kisha akawageukia wale wateja wawili, akawauliza kama mageti yao wanayataka na rangi au bila rangi.

Baba aliahidi kumtafutia mama mshonaji cherehani nyingine. Mama mshonaji akajibu kwamba ahadi haishoni nguo, na kwamba kuanzia kesho asubuhi binti atamsaidia kuokota vifungo na kufagia baraza mpaka hiyo cherehani ifike. Rafiki alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa karakana. Hakutoka nje.

Njiani kurudi, mama alimshika mkono binti yake, akaubana kuliko kawaida.

"Mwanangu," alisema, "mtu akikuuliza swali kabla hajaondoa gari, kabla hajapanda ngazi, kabla hajameza dawa, ameshakukabidhi roho yake, na ya mama mshonaji ambaye hata humwoni. Usimpe jibu la kukupendezesha. Mwambie 'sijapima', hata kama wenzako watakucheka. Kicheko hakijawahi kumvunja mtu mguu. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, aibu yako inabebwa na mtu asiye na hatia, na yeye hajui hata ameibeba kwa ajili ya nani."