Nondo Aliyechelewa

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ulifurika watu siku Heriel alipomkanyaga Nasma mguu mlangoni mwa duka lake la vitambaa, shati lake limejaa matope ya msitu wa Pugu.

"Samahani, dada. Natafuta kitambaa cha chandarua."

"Unanikanyaga mlangoni kwangu halafu unataka chandarua?" Nasma alicheka, akiurekebisha mtandio wake wa zambarau. "Mbu wa kwenu wakubwa, eeh?"

"Si mbu. Viwavi."

Heriel alikuwa mtafiti wa misitu. Aliwafuga viwavi kwenye maboksi yaliyofunikwa chandarua na kuwalisha majani yaliyopakwa dawa ya wadudu iliyotengenezwa kwa bakteria, kidogo tu, kiasi kisichoua, apate kujua wanaonusurika hukua vipi. Haikupita muda simu kati yake na Nasma zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Unaniuliza mimi au viwavi wako?"

Kisha Heriel akafiwa na ndugu kwao Rombo, akamwachia Nasma maboksi na majani. Nasma akawatunza kwa moyo wote, na kila jani akaliosha kwanza. Mwanamke gani wa Kariakoo atamlisha kiumbe wa Mungu jani lisilooshwa?

"Umeosha?" Heriel aliporudi alipiga kelele. "Dawa ndiyo kazi yenyewe! Umeimwaga yote na maji ya ndoo!"

Akaondoka bila kugeuka, maboksi akayaacha. Upweke ukamshika Nasma pabaya. Kariakoo nzima inanadi bidhaa, yeye anaisikiliza simu isiyoita. Viwavi wakajifunga kwenye vifuko vyao, wakatoka nondo, wakaishi siku zao, wakafa. Kifuko kimoja tu kilibaki. Nasma hakuwa na moyo wa kukitupa.

Asubuhi moja kikapasuka. Akapiga simu mwenyewe.

"Heriel, katoka mmoja. Kadogo, mabawa yamekunjamana. Nadhani huyu alishaila dawa yako kuliko wenzake kabla sijaanza kuosha."

"Ndivyo dawa hiyo inavyofanya. Haiui, inachelewesha."

"Wenzake wote wameshakufa. Sasa atampata nani?"

"Hampati mtu. Hiyo ndiyo hasara yake."

Nasma alilia waziwazi, mbele ya wateja. Alimpenda mwanaume huyu na alichoka kujifanya hampendi.

"Nasma," Heriel aliita. "Na mimi nimechelewa?"

Nasma alimtazama nondo akihangaika peke yake kwenye chandarua.

"Umechelewa sana," alisema. "Ila mimi bado nipo. Njoo na majani mengine. Safari hii siyaoshi."